Damu ya Nzara na Maridi: Kingamwili na Utafutaji wa Kinga Pana, 1976–2025

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya utafiti wa kingamwili kuanzia mlipuko wa homa ya kutoka damu uliotokea Nzara na Maridi mwaka 1976 hadi jaribio la chanjo lililofanyika Uganda mwaka 2025. Hoja yake ni kwamba damu iliyochukuliwa kusini mwa Sudan ilitumika kujibu swali la nani ameambukizwa, lakini haikupata nafasi ya kujibu swali la pili: ni nini ndani ya damu hiyo kilichowaponya waliopona? Swali hilo lilijibiwa kwingine, kwa damu ya watu walioponea virusi vya aina nyingine. Historia ya utafutaji wa chanjo moja ya mafua itakayofaa dhidi ya aina zote inatumiwa kulitazama suala hilo kwa karibu zaidi, kwa kuwa mbinu na baadhi ya watafiti ni walewale.

Utangulizi

Mwezi Januari 2019 wahudumu wa afya wa Sudan Kusini walianza kuchanjwa dhidi ya Ebola. Mlipuko uliokuwa ukiendelea Kivu Kaskazini na Ituri, ng'ambo ya mpaka, ulikuwa unakaribia miezi sita, na serikali kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani ilikuwa imepokea dozi 2,160 za chanjo ya majaribio ya kampuni ya Merck, ambayo mwishoni mwa mwaka huo iliidhinishwa kwa jina la Ervebo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Hatari ilitoka Kongo, na virusi vilivyokuwa vikiua watu Beni na Butembo vilikuwa vya aina ya Zaire, ambavyo chanjo hiyo ilitengenezwa kuvikabili.

Hata hivyo tukio hilo lina upande wa kihistoria ambao haukusemwa sana. Ervebo haimkingi mtu dhidi ya virusi vya aina ya Sudan, na ni virusi vya Sudan vilivyosababisha milipuko ya Ebola iliyothibitishwa katika ardhi ya Sudan Kusini ya leo, yaani ile ya 1976, 1979 na 2004. Mhudumu wa Yambio aliyechanjwa mwaka 2019 alikingwa dhidi ya maradhi ya jirani, akabaki wazi mbele ya maradhi ya kwao. Jibu la haraka linalotolewa ni kwamba virusi vya Zaire vimeua watu wengi zaidi, hivyo fedha na juhudi zikaelekezwa huko. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Lipo pia suala la damu: ilichukuliwa wapi, ilipimwa nini, na ni damu ya nani iliyogeuzwa kuwa dawa.

Kiwanda cha pamba na hospitali

Nzara ni mji mdogo wa Ekwatoria ya Magharibi, karibu na mpaka wa Kongo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilianzisha huko Mpango wa Zande, uliojumuisha kilimo cha pamba na viwanda vya kuichambua, kuisokota na kuifuma. Familia za Wazande zikahamishiwa kwenye makazi yaliyopangwa kwa mistari. Wanahistoria wa siasa wanaukumbuka mji huu kwa sababu nyingine. Mwezi Julai 1955 wafanyakazi walioandamana kupinga kuachishwa kazi walifyatuliwa risasi na baadhi yao wakauawa, wiki chache kabla ya maasi ya Torit. Kwa hiyo kiwanda kilichokuja kuingia katika vitabu vya tiba kilikuwa tayari kimeingia katika historia ya madai ya Kusini.

Mwishoni mwa Juni 1976 mtunza ghala wa kiwanda hicho aliugua, na siku chache baadaye akafariki. Wakafuata wafanyakazi wenzake. Dari la kiwanda lilikuwa na popo wengi, jambo ambalo wachunguzi walilitilia maanani, ingawa hifadhi asilia ya virusi vya Sudan haijathibitishwa hadi leo. Ugonjwa ulianza kama mafua makali: homa, kichwa kuuma, maumivu ya viungo na misuli. Mfanano huo ulikuwa na madhara yake, kwa sababu hakuna anayeshtuka kwa mafua. Baadaye ndipo kuhara, kutapika na kutoka damu kulipoonyesha kwamba jambo hili lilikuwa la namna nyingine.

Ugonjwa ulipofika Maridi ulikutana na hospitali kubwa yenye shughuli nyingi, na hospitali hiyo ndiyo iliyousambaza. Kati ya wagonjwa 284 waliohesabiwa hadi Novemba, 213 walikuwa wa Maridi, 67 wa Nzara, 3 wa Tembura na mmoja wa Juba. Waliofariki walikuwa 151, sawa na asilimia 53. Katika hospitali ya Maridi, yenye wafanyakazi 230, takriban theluthi moja waliambukizwa na 41 wakafariki. Idadi hiyo ya mwisho inastahili kusomwa polepole na yeyote anayeshauri kuhusu sera ya afya: mji ulipoteza wauguzi wake kwa sababu waliuguza.

Juba ya wakati huo ilikuwa makao ya Serikali ya Eneo la Kusini iliyozaliwa na Mkataba wa Addis Ababa wa 1972. Mgonjwa wake alikuwa mmoja tu, lakini kwa mji wenye uwanja wa ndege na bandari ya mtoni, mmoja alitosha kuzua hofu.

Kilichong'aa chini ya hadubini

Timu ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani ilifika ikiwa na wataalamu wa Sudan na wageni, miongoni mwao David Simpson kutoka London na Don Francis kutoka Marekani. Kazi yao mojawapo ilikuwa kukusanya damu. Mwezi Novemba walipata aina mbili za virusi hai kutoka kwa wagonjwa wa Maridi. Sehemu ya kazi yao inayotuhusu zaidi hapa, hata hivyo, ni ile iliyofanywa kwa damu ya watu waliokwisha kupona, na ya watu ambao hawakuwahi kujiona wagonjwa.

Kingamwili ni protini ambazo mwili huziunda ili zishikamane na mvamizi fulani. Zikishaundwa, hubaki katika majimaji ya damu kwa muda mrefu, na ni kama hati ya kuthibitisha kwamba mwili ulikwisha kukutana na mvamizi huyo. Kipimo kilichotumika mwaka 1976 kilikuwa cha mng'ao. Seli zilizoambukizwa virusi hukaushwa juu ya kipande cha kioo, kisha huwekewa tone la seramu ya mtu anayepimwa. Kama ana kingamwili, zitashikamana na seli hizo. Huongezwa kemikali yenye rangi inayonata kwenye kingamwili za binadamu, na chini ya hadubini yenye mwanga wa urujuanimno seli hung'aa kijani.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yana mambo matatu ambayo, kwa maoni yetu, hayakupewa uzito unaostahili. La kwanza ni tofauti kati ya miji miwili. Maridi, watu 42 kati ya 48 waliotambuliwa kwa dalili walikuwa na kingamwili. Nzara, walikuwa 6 tu kati ya 31. Wachunguzi walikiri kwamba huenda kipimo hakikuwa na uwezo wa kutosha wa kuzinasa. La pili ni kwamba asilimia 19 ya watu waliokuwa karibu na wagonjwa wa Maridi, hospitalini na mitaani, walikutwa na kingamwili, na wachache sana kati yao walikumbuka kuugua. La tatu ni kwamba katika chumba cha nguo cha kiwanda cha Nzara, asilimia 37 ya wafanyakazi walionekana kuwa wameambukizwa.

Hilo la pili ndilo kiini. Ikiwa ugonjwa unaoua zaidi ya nusu ya wanaougua unaweza pia kupita ndani ya mwili wa mtu bila kumlaza, basi kuna miili iliyojua la kufanya. Ripoti ilieleza jambo hilo kwa lugha ya kawaida ya epidemiolojia, kwamba yapo maambukizi hafifu au yasiyo na dalili, ikaishia hapo. Swali lililokuwa mezani lilikuwa la chanzo na njia ya maambukizi, na kwa dharura ile hakuna anayeweza kuwalaumu.

Mwaka 1979 ugonjwa ulirudi Nzara na Yambio. Kati ya 31 Julai na 6 Oktoba waliugua watu 34 wa familia tano, wakafariki 22. Joe McCormick, mtafiti wa Marekani aliyewahi kupita Nzara mwaka 1976, alirejea, na kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alijichoma sindano wakati akimtoa mgonjwa damu, akajitia plazma ya manusura iliyokuwa imebebwa kwa ajili ya ajali ya namna hiyo, kisha akaendelea na kazi. Hakuugua, baadaye ilibainika kwamba mgonjwa yule hakuwa na Ebola. Kisa hicho kinaonyesha jinsi wanasayansi walivyoiamini damu ya waliopona hata kabla ya kujua ndani yake kuna nini hasa.

Uchunguzi wa 1979 ulionyesha kwamba waliowauguza jamaa zao walikuwa katika hatari mara tano zaidi ya wale waliogusana nao kwa namna nyingine, na kwamba kukaa chumba kimoja na mgonjwa bila kumgusa hakukuambukiza. Ulionyesha pia kwamba asilimia 18 ya watu wasiohusiana na mlipuko walikuwa na kingamwili. Hapa tahadhari inahitajika. Kipimo cha mng'ao kilikuja kujulikana kwa kutoa majibu chanya yasiyo ya kweli, na asilimia 18 haiwezi kuchukuliwa leo kama hesabu ya walioambukizwa kweli. Lakini hata tukiipunguza sana, linabaki swali kuhusu watu wa Ekwatoria ya Magharibi waliokuwa wakikutana na virusi hivi bila mlipuko wowote kutangazwa.

Mwaka 1983

Ripoti ya 1979 ilichapishwa mwaka 1983. Mwaka huohuo tafiti za maabara zilibainisha kwamba virusi vya Sudan na vya Zaire, vilivyozuka kwa wakati mmoja mwaka 1976 na kudhaniwa kuwa kitu kimoja, vilitofautiana kwa wazi katika namna vinavyotambuliwa na kingamwili na katika chembe zao za urithi. Na mwezi Mei mwaka huohuo askari waliasi Bor, vita vya pili vya Sudan vikaanza.

Sadfa hii ina maana kubwa. Mara tu sayansi ilipojua kwamba kuna virusi viwili, na kwamba kinga ya kimoja haiwezi kuchukuliwa kuwa kinga ya kingine, mahali palipokuwa na manusura wa virusi vya Sudan pakafungwa. Kwa zaidi ya miaka 20 haikuwa rahisi kwa mtafiti kurudi Maridi na kumtafuta muuguzi aliyepona ili amwombe damu. Virusi vilipojitokeza tena Yambio mwaka 2004, vikiwapata watu 17 na kuua 7, Mkataba wa Amani wa 2005 ulikuwa haujatiwa saini.

Kampala, Kikwit, Bellinzona

Ili kuelewa kilichotokea kwingine katika kipindi hicho, lazima turudi nyuma kidogo, tena hadi Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Sampuli za uvimbe huo zilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona ndani ya seli zake virusi ambavyo havikuwa vimejulikana. Virusi hivyo, vinavyoitwa Epstein-Barr, vina tabia ya pekee: vinaingia katika seli B, ambazo ndizo zinazotengeneza kingamwili, na vinaweza kuzifanya ziendelee kugawanyika katika chombo cha maabara bila kufa.

Tabia hiyo iligeuzwa kuwa chombo cha kazi. Mwaka 1975, mwaka mmoja kabla ya Nzara, Georges Köhler na César Milstein walikuwa wameonyesha huko Cambridge jinsi ya kupata kingamwili za ukoo mmoja, yaani zinazotoka katika kizazi cha seli moja na hivyo kufanana zote. Lakini seli zao zilikuwa za panya. Mwaka 2004 Antonio Lanzavecchia na wenzake wa Bellinzona, Uswisi, waliboresha njia ya kutumia virusi vya Epstein-Barr kuzifanya seli B za kumbukumbu za binadamu ziishi, wakapata kingamwili dhidi ya SARS kutoka kwa mtu aliyepona. Kuanzia hapo damu ya manusura iliacha kuwa hati tu. Iliweza kuwa kiwanda.

Faida ya kwanza ilionekana katika mafua. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichukua damu ya watu 32 waliookoka janga la mafua la 1918, wakiwa na umri wa miaka 91 hadi 101, na kwa njia ya Epstein-Barr wakapata kutoka kwa baadhi yao seli ambazo bado zilitengeneza kingamwili dhidi ya virusi vya 1918. Seli hizo zilikuwa zimeishi miaka 90 ndani ya miili yao.

Faida ya pili inahusu chanjo ya mafua yenye kinga pana. Virusi vya mafua vina protini ya juu iliyo kama uyoga, yenye kichwa na shina. Mwili hupenda kutengeneza kingamwili dhidi ya kichwa, na virusi hubadilisha kichwa kila mara. Hii ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka kuchagua aina za kuwekwa katika chanjo. Shina halibadiliki ovyo, kwani ndilo linaloviwezesha virusi kuungana na seli, na virusi visivyoweza kuungana na seli havina maisha. Mwaka 1993 watafiti wa Japani walieleza kingamwili ya panya iliyoshika shina na kuzima aina mbili tofauti za mafua. Ilichukua miaka 15 hivi hadi kingamwili za binadamu za namna hiyo zilipoanza kuelezwa, na mwaka 2011 maabara ya Bellinzona, ikiwa na Davide Corti, ikatangaza kingamwili iliyoitwa FI6, iliyoweza kushika makundi yote mawili makubwa ya mafua A. Wapo watu, basi, ambao miili yao imekwisha kufanya kile ambacho chanjo zinashindwa. Kazi iliyobaki ni kuifundisha miili mingine. Mpango uliotangazwa Marekani mwaka 2018 uliweka kipimo cha chanjo ya namna hiyo: ifae kwa angalau asilimia 75, dhidi ya makundi yote mawili ya mafua A, kwa mwaka mmoja au zaidi, kwa watu wa rika zote. Chanjo itakayofikia kipimo hicho haijaidhinishwa bado.

Msomaji wa Juba asidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Mwaka 2006 virusi vya mafua ya ndege vya H5N1 vilithibitishwa katika kuku wa Juba. Hakuna chanjo ya msimu ambayo ingekuwa na manufaa makubwa iwapo vingeanza kuenea kati ya watu.

Sasa tuingie Kikwit, kusini-magharibi mwa Kongo. Mlipuko wa virusi vya Zaire ulipotokea huko mwaka 1995, madaktari wa Kongo, Jean-Jacques Muyembe akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya manusura, 7 walipona. Wataalamu wengi wa nje walipinga maana ya matokeo hayo, na kwa vigezo vya takwimu walikuwa na haki: hapakuwa na kundi la kulinganisha. Muyembe hakuliacha jambo hilo. Miaka 11 baada ya mlipuko, damu ya manusura wa Kikwit ilichukuliwa kwa ajili ya utafiti wa pamoja na Nancy Sullivan wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Seli zao zilipelekwa kwa Lanzavecchia na Corti, wale wale wa FI6, na kwa njia ileile ikapatikana kingamwili iliyopewa jina la mAb114. Ilielezwa mwaka 2016. Ilimwokoa nyani aliyeambukizwa ikiwa peke yake, bila kuchanganywa na nyingine.

Pamoja Tulinde Maisha

Mwezi Novemba 2018, katikati ya vita na milipuko ya bunduki, jaribio la kitabibu lilianza Beni na kuenea hadi Butembo, Katwa na Mangina. Jina lake lilikuwa la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha, na kifupi chake, PALM, ndicho kinachojulikana duniani. Kwa wasomi wa Kiswahili hili si jambo dogo. Mojawapo ya majaribio muhimu ya tiba ya karne hii lilibatizwa kwa lugha ya wagonjwa wake.

Wagonjwa waligawanywa kwa nasibu katika makundi manne. Jaribio lilisimamishwa Agosti 2019 baada ya wagonjwa 681 kuandikishwa, kwa sababu tofauti ilikuwa imekwisha kuonekana. Waliopewa ZMapp walifariki asilimia 49.7, na waliopewa remdesivir asilimia 53.1. Katika kundi la mAb114 walifariki asilimia 35.1, na katika kundi la REGN-EB3, mchanganyiko wa kingamwili tatu, asilimia 33.5. Dawa hizo mbili za mwisho ziliidhinishwa Marekani kabla ya mwaka 2020 kwisha. Damu ya Kikwit ilikuwa imerudi Kongo ikiwa tiba.

Zote mbili ni za virusi vya Zaire pekee. mAb114 haivizimi virusi vya Sudan. Mtu anayelinganisha Maridi na Kikwit ataona kwamba tofauti haikuwa ya ubora wa damu. Maridi ilikuwa na manusura wengi kuliko Kikwit: waliopona katika mlipuko wa 1976 kusini mwa Sudan walikuwa 133. Kilichokosekana ni mtu wa kwao mwenye maabara, aliyekumbuka, na ambaye hakuzuiwa na vita kurudi.

Virusi vilivyoachwa nyuma

Virusi vya Sudan havikusubiri. Mwaka 2000 vilizuka Gulu, kaskazini mwa Uganda, vikawapata watu 425 na kuua 224, miongoni mwao Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor. Mwezi Septemba 2022 vilizuka Mubende. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 142, na 55 kati yao wakafariki. Chanjo za majaribio zilikuwepo duniani, lakini dozi za kwanza ziliwasili Uganda tarehe 8 Desemba, siku 79 baada ya mlipuko kutangazwa, wakati mgonjwa wa mwisho alikuwa amekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani tarehe 30 Novemba. Hapakuwa na mtu wa kuwapima nazo.

Somo lilieleweka. Mlipuko mwingine ulipotangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025, jaribio la kuwachanja waliokutana na wagonjwa lilianza tarehe 3 Februari, siku ya nne. Nalo lilipewa jina la Kiswahili, TOKOMEZA SVD. Mlipuko ulikwisha mwezi Aprili ukiwa na wagonjwa 14 tu pamoja na wale waliodhaniwa, heri kwa wananchi wa Uganda, ingawa idadi hiyo ni ndogo mno kuonyesha chanjo ina nguvu kiasi gani.

Katika mlipuko wa 2022 ilitumika pia, kwa wagonjwa wachache, dawa ya majaribio iitwayo MBP134. Hapa ndipo historia ya mafua na ya Ebola zinapokutana tena. Kingamwili mbili za dawa hiyo zilitokana na damu ya mtu wa Afrika Magharibi aliyeponea virusi vya Zaire katika mlipuko wa 2014, lakini zimeonyesha katika wanyama kwamba zinazima virusi vya Zaire, vya Sudan na vya Bundibugyo. Zinashika sehemu za protini ya virusi ambazo hazibadiliki ovyo kwa sababu virusi vinazihitaji kuingia katika seli, kama shina la mafua. Kingamwili za namna hiyo ni adimu katika damu, na ili kuzipata ni lazima kuchunguza seli za manusura wengi, wa aina tofauti za virusi.

Hoja hii inaturudisha Ekwatoria ya Magharibi. Tunajua kutoka Gulu kwamba baadhi ya manusura wa virusi vya Sudan walikuwa bado na kingamwili zenye uwezo wa kuzima virusi miaka 12 baada ya kupona. Tunajua kutoka Yambuku, Kongo, kwamba manusura wa 1976 walikutwa na kingamwili miaka 40 baadaye. Tunajua kutoka kwa wazee wa 1918 kwamba seli za kumbukumbu zinaweza kuishi miaka 90. Hakuna sababu ya kibayolojia ya kudhani kwamba damu ya manusura wa Nzara, Maridi na Yambio imenyamaza.

Kwa washauri wa sera walioko Juba, suala hili lina pande mbili. Upande mmoja ni wa haki. Mwezi Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha Makubaliano ya Majanga, na kiambatisho kuhusu kubadilishana sampuli za vimelea na kugawana manufaa yake kiliachwa kijadiliwe baadaye. Nchi itakayoketi katika mjadala huo bila kujua sampuli zake za 1976 na 1979 zilikwenda wapi, na bila kumbukumbu ya manusura wake, itakuwa na machache ya kudai. Virusi vya Maridi vilichunguzwa Porton Down, Uingereza, ambako mwezi Novemba 1976 mtafiti mmoja alijichoma sindano akaugua, akatiwa seramu ya manusura iliyotoka Afrika, akapona. Mkataba wowote wa kugawana manufaa ungeweza kuanza kwa kusimulia kisa hicho, maana mnufaika wa kwanza anajulikana.

Upande wa pili ni wa muda. Muuguzi msaidizi aliyekuwa na miaka 20 alipopona Maridi, leo anakaribia 70. Manusura wa Yambio wa 2004 ni watu 10. Kuwatafuta kunahitaji daftari za hospitali ambazo huenda zimeteketea, wazee wa Kizande na wa makabila ya Maridi wanaokumbuka nani aliugua nyumba ipi, mtafiti anayezungumza nao kwa lugha yao, na ridhaa inayoeleza bayana kwamba seli zinaweza kugeuka dawa na dawa kugeuka fedha. Kunahitaji pia friji isiyozimika. Gharama ya yote hayo ni ndogo ikilinganishwa na mlipuko mmoja, na kazi inaweza kuanza na orodha ya watu 10.